Mguu wa Kulia wa Taifa

Nchi yetu ni nchi nzuri, na ninalisema hili mwanzoni kabisa ili msomaji asije akakata tamaa njiani. Ina milima, ina mito, ina wizara nyingi kuliko mito, na wananchi wake wana subira ambayo wageni hupanda ndege kuja kuipiga picha. Jina lake sitalitaja. Si kwamba ni siri, ila kibali cha kulitaja jina la nchi katika maandishi hutolewa na ofisi ambayo bado inatafutiwa jengo.

Mambo ya viatu yalitokea mwaka nilipomaliza chuo kikuu na kuajiriwa katika Wizara ya Vipimo na Ulinganifu. Nilikuwa na shahada ya Ulinganifu, na niliamini, kama ninavyoamini hadi leo, kwamba dunia ikipimwa vizuri na watu wenye nia njema, kila mtu atapata kinachomtosha. Siku niliyopata barua ya kazi nilimkuta mama akichambua mchele.

"Mama," nikamwambia, "sasa kila kitu kitakaa sawa."

"Anza na meza hii," mama akasema, bila kuinua macho. "Inayumba."

*

Kabla ya Sheria, watu wetu walinunua viatu kwa njia ambayo Wizara huiita ya kishamba. Wauzaji walikuwa kwenye soko la mtandaoni, kila mmoja na simu yake na picha zake, na namba za viatu zilikuwa vurugu tupu. Kiatu kilichotoka ng'ambo hii kiliandikwa thelathini na nane. Kilichotoka ng'ambo ile, ukubwa ule ule, kiliandikwa tano. Na cha mtumba kilikuwa hakina namba kabisa, kwa kuwa ilikwisha kufutwa na jasho la mtu tusiyemjua. Watu wakaacha kuziamini namba. Wakaamini kiberiti.

Katika nchi yetu kuna kiwanda kimoja tu cha viberiti, na boksi lake ni lile lile kutoka mpaka hadi mpaka. Basi aliyetaka kiatu aliweka mguu wake sakafuni, akapanga viberiti kando yake kuanzia kisiginoni hadi kwenye kidole gumba, akapiga picha, akaituma. Penye upenyo mdogo aliongeza njiti. "Viberiti vinne na njiti tatu," muuzaji alijibu. "Ninacho, cheusi, cha kamba." Na kiatu kilipofika kwa basi la mizigo, kiliingia. Asiyekuwa na viberiti vya kutosha aliazima kwa jirani, na jirani hakutoa kiberiti bila kuuliza nani ananunua kiatu na anakwenda nacho wapi.

Nyuma ya nyumba yetu aliishi Bi Sikitu, mjane mwenye sauti ya kukwaruza na moyo usiokwaruza. Aliuza viatu vya shule. Yeye hakukubali picha moja. "Mguu mmoja nimeuona," aliwajibu wateja kwa sauti kubwa kwenye simu. "Mwenzake yuko wapi? Kasafiri?" Alitaka apimiwe yote miwili, kila mmoja peke yake, kwa sababu, alisema, Mungu alipoumba miguu hakuwa na haraka ya kiwandani.

Hapo ndipo dada yangu mdogo, Mwanaheri, anapoingia. Mwanaheri alizaliwa na mguu wa kushoto mfupi kuliko wa kulia, karibu kiberiti kizima. Hakuwa mgonjwa. Aliruka kamba, alipanda ukuta, aligombana na watoto waliomzidi umri na kuwashinda. Alichechemea kidogo alipotembea, kama mtu anayechekecha unga, basi. Alichohitaji ni viatu viwili visivyolingana, na hivyo Bi Sikitu alivipata, kwa kuwa katika kila robota la mitumba huanguka viatu vilivyopotezana na wenzao. Wauzaji huviita wajane. Wengine waliwatupa. Bi Sikitu aliwatunza katika gunia, na kila mwaka shule zilipokaribia kufunguliwa alilimwaga gunia lile uani na kutafuta wa kulia mrefu na wa kushoto mfupi, weusi kwa weusi, akawapiga kiwi hadi wakafanana sura.

"Heri!" aliita juu ya ua. "Njoo, nimepata bwana harusi!"

"Wa kushoto?"

"Wa kushoto. Mfupi, mweusi, hana kelele. Ndivyo bwana anavyotakiwa awe."

"Sikitu!" mama alipaza sauti kutoka jikoni. "Usimfundishe mtoto maneno!"

"Mwache ajue mapema, shoga. Wewe ulichelewa."

Na Mwanaheri alivaa, akazunguka uani, akarudi akisema kwamba maharusi wanapatana.

*

Balaa lilianza nyumbani kwa Waziri wetu, Mheshimiwa Daktari Balozi Mstaafu Luhende Pazi. Mke wake aliagiza viatu mtandaoni kwa ajili ya dhifa ya taifa. Hakutuma picha ya viberiti, kwa sababu katika nyumba ya Waziri hakuna kiberiti, kila kitu huwaka chenyewe. Alituma namba. Viatu vilikuja na vidole vyake vikakataa kuingia. Akahudhuria dhifa akiwa amevaa kandambili, mbele ya mabalozi, na balozi mmoja alionekana akitazama chini.

Waziri alilihutubia taifa.

"Ndugu wananchi! Taifa lisilojua namba ya kiatu chake, litajuaje linakokwenda? Maadui zetu wana namba. Marafiki zetu wana namba. Sisi tuna viberiti! Ninauliza, na historia inauliza pamoja nami, je, tutaingia katika zama za kidijitali tukiwa tumeshika kiberiti mkononi?"

Watu walipiga makofi. Kikosi cha zimamoto kilipiga zaidi.

Ndivyo ilivyoundwa Tume ya Kusawazisha Viatu vya Mtandaoni, na mimi nikateuliwa kuwa msaidizi wa Mkurugenzi wake, Bwana Mshindo. Nilipewa kiti. Meza ilikuwa katika mpango wa mwaka uliofuata, na kwa hiyo nilifanya kazi ya mwaka ule magotini, na niliifanya kwa furaha, kwa sababu nilifikiri juu ya wateja wote ambao wangepata kiatu kinachowatosha bila kusumbua jirani.

Kazi ya kwanza ilikuwa kupata kipimo cha msingi. Wajumbe walikubaliana upesi kwamba mguu wa kuanzia hauwezi kuwa mguu wa mtu yeyote isipokuwa Mkuu wa Nchi. Lakini kwetu sisi mtu hatazami miguu ya mkubwa aliyekaa. Kuigusa ndiyo kabisa, kwa kuwa anayegusa miguu ya mkubwa anaomba msamaha, na anayeomba msamaha amekiri kosa, na hakuna mjumbe aliyekuwa tayari kuchunguzwa ni kosa gani. Chai ikaletwa, ikanywewa, vikombe vikaondolewa.

"Sanamu," akasema Bwana Mshindo.

Ilikuwa fikra ya mtu mkubwa. Katika uwanja wa mji mkuu kuna sanamu ya shaba ya Mkuu wa Nchi, na Sheria ya Sanamu inasema wazi kwamba sanamu na mwenyewe ni kitu kimoja. Anayeitupia jiwe hushtakiwa kwa kumjeruhi. Wanafunzi huisalimia asubuhi. Kwa hiyo kuipima sanamu ni kumpima yeye, na shaba haina haya.

Nilinyoosha mkono. "Mheshimiwa Mkurugenzi, sanamu ile ni ndefu kuliko jengo la posta."

Bwana Mshindo alinitazama kwa huruma. "Kijana, unataka kusema Mkuu wa Nchi ni mfupi kuliko posta?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Basi andika."

Nikaandika. Mafundi walipanda kwa ngazi, wakaupima mguu wa shaba kwa kamba ya kuanikia nguo, wakaugawa katika sehemu arobaini, na kila sehemu ikawa namba moja. Matokeo yalitushangaza na kutufurahisha. Taifa zima, wazee kwa watoto wa shule, tulienea katika namba tatu tu: Tano, Sita na Saba. Nchi nyingine zina namba nyingi hadi hazijijui. Sisi tulikuwa na tatu. Waziri alisema huo ndio umoja.

Jambo moja dogo lilibaki. Mguu wa kushoto wa sanamu unamkanyaga nyoka, ambaye ni adui wa maendeleo, na umezama ndani ya mwili wake, hauonekani. Fundi aliuliza aupimeje. Tume ikajadili, ikatunga Kanuni ya Saba, ambayo ninaikumbuka kwa moyo kwa kuwa niliinakili mimi: *Mguu wa kushoto wa kila raia utahesabiwa kuwa sawa na mguu wake wa kulia.*

Nilimfikiria Mwanaheri nilipokuwa nikinakili. Nikajiambia kwamba kanuni ni kama nguo mpya, hubana siku za mwanzo.

*

Sheria ilipotoka, kila muuzaji wa mtandaoni aliamriwa kuuza kwa namba zile tatu, katika boksi lenye lakiri ya Tume. Ndani ya kiatu pia kulikuwa na lakiri, na milangoni mwa shule waliwekwa walinzi wa kuikagua. Mwanafunzi asiye na lakiri hakuingia. Kutuma picha ya mguu kando ya viberiti kuliitwa upimaji wa kificho. Kiatu kisicho na mwenzake kilipigwa marufuku, kwa sababu kinaweza kuunganishwa na kiatu kisicho chake na kuleta mkanganyiko.

Wakaguzi walipofika kwa Bi Sikitu, niliombwa niongozane nao kuwaelimisha wakazi kwa lugha ya upole. Walilikuta gunia uani. Mkaguzi mkubwa alilimwaga, akawatazama wale wajane waliolala ubavu, kila mmoja upande wake.

"Mama, hii ni nini?"

"Viatu, baba. Kwenu huviitaje?"

"Hiki mwenzake yuko wapi?"

"Angekuwapo kingekuwa guniani? Kingekuwa mguuni mwa mtu."

Walianza kuvikusanya. Bi Sikitu akachomoa kimoja, cheusi, kifupi, chenye kisigino kilichorekebishwa kwa gundi, akakikumbatia.

"Chukueni vyote. Hiki kina mwenyewe."

"Mwenyewe ni nani?"

"Mguu wa mtoto wa jirani. Shule inafunguliwa wiki ijayo."

"Mguu gani?"

"Wa kushoto."

Mkaguzi alifungua kitabu cha kanuni, akalowesha kidole, akapekua hadi mwisho. "Mguu wa kushoto peke yake haumo, mama."

Bi Sikitu akanigeukia. "Wewe. Si mimi niliyekuogesha mama yako alipokuwa amelazwa?"

"Ni wewe, Bi Sikitu."

"Basi waeleze."

Nikawaeleza. Nilieleza kwa ufasaha, kwa mifano, tangu kuzaliwa kwa Mwanaheri hadi darasa la nne. Walinisikiliza kwa heshima kubwa, mmoja akavua hata kofia. Kisha wakakichukua.

Bi Sikitu alifungiwa kuuza viatu. Siku hizi anauza dagaa. Anasema dagaa hawajapewa namba, bado.

*

Mwanaheri alipata Namba Tano, vipya, vyeusi, vyenye lakiri nyekundu ndani. Cha kulia kilimkaa. Cha kushoto mguu wake uliishi ndani yake kama mtu mmoja katika nyumba ya wapangaji kumi. Mama alisokota vitambaa, akavijaza mbele, akavijaza nyuma. Lakini shule iko ng'ambo ya kilima, na kilima chetu kina mawe. Wakati wa kupanda kiatu kilibaki nyuma, wakati wa kushuka kilitangulia, na vitambaa vikawa kamba ngumu iliyomsugua kisiginoni.

Likatoka lengelenge. Likapasuka. Likawa kidonda. Kila alasiri Bi Sikitu aliruka ua na beseni la maji ya chumvi, akaufunua mguu ule taratibu, mdomo wake ukitukana wizara kwa mpangilio wa alfabeti.

"Asiende shule mpaka kipone," alisema.

"Nisipokwenda nitakosa mtihani," akasema Mwanaheri.

"Nenda peku basi."

"Mlinzi ananirudisha. Juzi Rashidi wa darasani kwetu alikwenda peku. Alisimama nje mpaka jua likamshinda."

Mama alikuwa ameshika kiatu cha kushoto, akikigeuza geuza mikononi, kama anayetafuta mlango wake.

Mimi sikukata tamaa. Nilijua viongozi wetu si wabaya. Wako mbali tu, na mtu aliye mbali huona watu wote wana urefu mmoja. Niliamini kwamba Waziri akimwona Mwanaheri akitembea, kwa macho yake mwenyewe, hatua chache tu, ataelewa kile ambacho kanuni haikuelewa. Na bahati ikaja. Bwana Mshindo alinieleza kwamba Waziri atazindua rasmi namba za taifa katika uwanja wa mji mkuu, na wanatafuta mtoto wa kutembea juu ya zulia akiwa amevaa viatu vyenye lakiri.

"Nina dada," nikasema. "Miguu yake hailingani. Waziri amwone."

Nilitarajia atakataa. Bwana Mshindo alinitazama, macho yakamwaka. "Hailingani kweli kweli?"

"Kweli kweli, Mheshimiwa."

"Mlete," akasema. "Huyo ndiye tunayemtaka."

Nilirudi nyumbani nikiruka madimbwi.

*

Asubuhi ya uzinduzi nilichuchumaa mbele ya Mwanaheri nikimfunga kamba za viatu.

"Leo utatembea mbele ya Waziri. Tembea kama unavyotembea siku zote. Ukitembea hivyo, utapata kiatu chako kidogo cha kushoto. Umenielewa?"

"Nikichechemea?"

"Chechemea."

Mama akageuka, mwiko mkononi. "Achechemee mbele ya wakubwa? Nani kakufundisha hayo, huko chuo? Katika nyumba hii hatupeleki shida zetu mbele ya wageni."

Mama hakuwa na kosa. Ndivyo tulivyolelewa nchi nzima. Kwetu mtu akiulizwa habari, husema nzuri. Hata msibani, na jeneza liko ndani, anayeulizwa habari za hapa hujibu nzuri, ndipo aeleze nani kafa. Mwanaheri alinitazama mimi, akamtazama mama, akanyoosha sketi yake kama mtoto mwenye adabu.

Uwanja ulikuwa umejaa. Bendi ilipiga, sanamu iling'aa, zulia jekundu lilitandikwa kutoka miguuni mwa nyoka hadi kwenye jukwaa la Waziri. Mwanaheri alisimama mwanzoni mwake, mdogo, nywele zimesukwa upya. Nilijipenyeza hadi ubavuni mwa jukwaa ili niuone uso wa Waziri pale ambapo ungebadilika.

Akaanza kutembea.

Alitembea wima. Hakuchechemea hata kidogo. Aliweka mguu wa kulia, akaweka wa kushoto, kama maji yanavyofuatana mferejini, mikono ikiyumba sawasawa, kidevu juu. Katika watu wote waliokuwa pale ni mimi peke yangu niliyejua vidole vyake vilikuwa vikifanya kazi gani ndani ya kiatu kile, vikijikunja na kuking'ang'ania kisimvuke. Nilimwashiria kwa mkono: legea, legea. Akaniona. Akafikiri ninamtia moyo, akanyooka zaidi.

Waziri aliinama. "Hujambo, mtoto mzuri?"

"Sijambo. Shikamoo."

"Marahaba. Habari ya viatu?"

"Nzuri, Mheshimiwa."

"Haviumi?"

Mwanaheri alikitafuta kichwa cha mama katika umati, akakiona.

"Haviumi."

Waziri aliinuka, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili, na machozi yalikuwa yakimlengalenga. Ninaapa yalikuwa ya kweli.

"Ndugu wananchi! Wataalamu wangu wameniarifu kwamba mtoto huyu alizaliwa na miguu isiyolingana. Mmemwona! Walikuwapo wenye mashaka, waliosema mguu wa kushoto una mambo yake. Mguu wa kushoto ulikosa nini miaka yote hii? Ulikosa sheria! Leo umepata, na umenyooka!"

Uwanja ulilipuka. Bwana Mshindo alinikumbatia, akaninong'oneza kwamba meza yangu itakuja mapema. Na papo hapo Waziri alitangaza kwamba, kwa kuwa jambo limethibitishwa hadharani, Tume haitapokea tena ombi lolote linalohusu mguu wa kushoto.

Nilimpata Mwanaheri nyuma ya jukwaa, amekaa juu ya kreti la soda. Mama alikuwa amepiga magoti, anavuta kiatu, na kitambaa kilikuwa kimegandana na ngozi. Mama alikuwa akilia bila sauti, namna ambayo watu wa nyumba yetu hulia.

"Kaka," Mwanaheri akasema, "nimetembea vizuri?"

"Umetembea vizuri sana."

"Hukuona aibu?"

"Hata kidogo."

Akaangaza huku na huku, akawatazama maafisa waliokuwa wakipita na maboksi ya maji.

"Sasa nani anacho kiatu changu kidogo?"

*

Kidonda kilitunga usaha. Muuguzi wa zahanati alisema mguu ule usikanyage chini mpaka jeraha lifunge, na likifunga, usirudi katika kiatu kile. Alisema kwa sauti ya chini, kwa kuwa ukutani kwake kulikuwa na picha ya Mwanaheri juu ya zulia, ikiwa na maandishi: *Mguu wa Kushoto Hauna Kisingizio*. Picha hiyo hiyo ilikuwa langoni mwa shule. Mlinzi alimwangalia Mwanaheri, akaiangalia picha, akasema kwa upole kwamba mtoto mwingine angemfikiria, lakini huyu hawezi kumruhusu apite bila viatu. Watu wataonaje?

Kwa hiyo ninambeba.

Kila asubuhi namvalisha jozi mpya yenye lakiri, aliyozawadiwa na Tume baada ya uzinduzi, cha kushoto nakifunga kwa kitambaa chepesi kisiguse jeraha, namweka mgongoni, tunapanda kilima. Miguu yake haigusi ardhi. Langoni mlinzi hukagua lakiri, anaridhika, na wanafunzi wenzake humpokea kama mzigo wa heshima hadi kwenye dawati. Alasiri nakwenda kumchukua. Wiki ya kwanza nilichelewa kazini kila siku. Bwana Mshindo aliniita, akaniambia kwa masikitiko ya dhati nichague, Tume au mgongo. Meza ilikuwa imeshafika, mbao nzuri, haiyumbi. Nilimwachia meza.

Tume ilituma mkaguzi shuleni kuangalia maendeleo. Alivishika viatu vya Mwanaheri, akavipindua, akaziona soli zake safi kama siku ya boksini, baada ya miezi yote ile. Aliita wenzake waone. Ikatolewa taarifa kwamba viatu vya taifa havichakai.

Nilidhani tuko peke yetu kilimani. Hatukuwa. Mara ya kwanza tulikutana na mwanamke amembeba mwanawe wa kiume, ambaye Namba Tano ilimbana hadi kucha zikang'oka. Kisha mwalimu mmoja, mtu mzima na tai yake, amebebwa na mkewe. Kisha wengi. Ukisimama juu ya kilima asubuhi utawaona wakija kutoka kila kijia, wawili wawili, mmoja chini na mmoja juu, viatu vipya vikining'inia hewani. Waziri alipita siku moja kwa gari. Aliteremsha kioo, akatutazama kwa muda mrefu, na jioni ile redio ilimnukuu akisema kwamba amezunguka dunia yote lakini hajaona taifa ambalo watu wake wanapendana namna hii.

Mwanaheri anakua. Mama anasema mwakani sitamweza, na Bi Sikitu anasema nile dagaa zaidi. Mimi nasema mwakani sheria itakuwa imerekebishwa. Nimewaandikia mara kadhaa. Naamini barua zinasomwa.

Jana tulipanda kilima kukiwa na utelezi. Karibu na kona ya mawe tulimkuta baba mmoja wa makamo, amembeba binti aliyekwisha kuvunja ungo, miguu yake mirefu ikimgonga baba magotini. Yule baba alikuwa amesimama, anahema.

"Wako ana miaka mingapi?" akaniuliza.

"Kumi."

"Wangu kumi na minne." Alinitazama kama mtu aliye mbele anavyomtazama aliye nyuma katika njia moja. "Jikaze, kijana."

Akapiga hatua mbili, magoti yakamwishia nguvu, akakaa chini kwenye tope, taratibu, kwa uangalifu, ili viatu vya binti visiguse. Binti alibaki mgongoni mwake. Tuliwaaga, tukawapita.

Nilikwenda mwendo nikisikia pumzi yangu mwenyewe. Kisha nikahisi mikono ya Mwanaheri inalegea shingoni mwangu, na kifua chake, kilichokuwa kikipanda na kushuka mgongoni mwangu tangu nyumbani, kimetulia kabisa. Nikaogopa.

"Heri! Unafanya nini?"

Akaachia pumzi aliyokuwa ameizuia, ikanipiga sikioni, ya moto.

"Najifanya mwepesi, kaka. Unasikia?"

Nikamwambia nasikia. Nikamwambia ni mwepesi kuliko jana.